Upele unaohama, sukari iliyopanda: msiishie kwenye dawa ya kupaka

Kama ndugu yako ana upele unaopona huku na kuibuka kule, anakonda, na sukari imempanda hivi karibuni, acheni kubadilisha dawa za kupaka. Ombeni akatwe kipande cha ngozi kikapimwe. Kaka yangu mkubwa alizunguka sana na upele wa namna hiyo kabla daktari mmoja hajauliza habari za kongosho, ukagundulika ugonjwa uitwao glukagonoma.

Ulianza kinenani na kwenye makalio. Yeye ni dereva, anashinda kitini kwenye joto la Dar, kwa hiyo kila mtu alisema fangasi. Madaktari huuita upele mwekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu wenyewe hauonekani vizuri. Sisi tuliona bakabaka lenye weusi wa zambarau, ukingoni malengelenge madogo yanayopasuka na kuacha ukoko. Katikati panapona, panabaki doa jeusi, ukingo unasonga mbele. Baada ya wiki moja au mbili, jingine hilo, pajani. Pembe za mdomo zikachanika, ulimi ukawa mwekundu na laini, hata chai ya moto ikamshinda.

Kliniki ya ngozi wakaandika pumu ya ngozi. Kliniki ya sukari wakampa vidonge vya sukari. Kwingine dawa ya kuongeza damu. Na mtaani mtu akikonda huku ana vipele, mnajua yanayosemwa: alipima Ukimwi, akarudia, hana. Shangazi naye akaja na habari za mganga. Hakuna aliyeweka mambo hayo yote kwenye meza moja.

Glukagonoma ni uvimbe wa kongosho unaomwaga homoni ya glukagoni bila breki. Homoni hiyo kazi yake ni kupandisha sukari tunapokaa na njaa. Ikizidi, sukari inapanda na mwili unaanza kula protini zake wenyewe, na inadhaniwa ngozi huharibika kwa kukosa virutubisho hivyo. Upele huu ulielezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1942, na huwapata wagonjwa wengi wa uvimbe huo, takriban 7 kati ya 10. Ni nadra mno: inakadiriwa mtu 1 kati ya milioni 20 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, Tanzania nzima ni kama watu 3. Simlaumu daktari ambaye hajawahi kuuona.

Kilichotusaidia ni picha. Shemeji alikuwa akipiga kwa simu kila bakabaka jipya, tarehe ikionekana. Daktari alipozipitisha moja baada ya nyingine, akaona upele unavyotembea, kisha akaomba faili la sukari na majibu ya damu. Kipande cha ngozi kikatwe kwenye ukingo wa bakabaka bichi. Kwenye doa la zamani hakionyeshi kitu. Mtajieni krimu zote mlizopaka, hasa zile za mchanganyiko zenye steroidi za madukani, maana zinavuruga sura ya upele. Kipimo cha glukagoni si kila maabara inacho, ulizeni mapema sampuli itapelekwa wapi. Kisha CT skan ya tumbo. Upungufu wa zinki na ugonjwa wa ini navyo huweza kuleta upele unaofanana, kwa hiyo msiingie hofu kabla ya majibu.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, hapo msisubiri kliniki, nendeni dharura siku hiyohiyo. Uvimbe huo wa kongosho huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu.

Kaka alianzishiwa sindano za octreotide, dawa inayozuia uvimbe kumwaga homoni, kabla ya upasuaji, na ngozi ikatulia haraka kuliko tulivyotegemea. Uvimbe ulikuwa umeshasambaa hadi kwenye ini, kama ilivyo kwa wengi wanaogundulika, hivyo sindano anaendelea nazo kila mwezi. Ni ghali. Ulizeni bima inalipia nini kabla ya dozi ya kwanza, na jibu wawape kwa maandishi.