Kiu isiyokwisha: ulizia mkojo kwanza, kisha kapime

Mtu akiniambia siku hizi ana kiu isiyokwisha, siulizi anakunywa maji kiasi gani. Namuuliza usiku anaamka mara ngapi kwenda chooni. Jibu lake ndilo linaloonyesha kama anahitaji kuongeza glasi ya maji, au anahitaji kwenda kutobolewa kidole apimwe sukari leo hii.

Ninaishi Tanga, na hapa wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, hakuna asiye na kiu. Jasho linakutoka hata ukiwa umekaa barazani hufanyi lolote. Kwa hiyo kila kiu huitwa ya joto, na zile ambazo si za joto hupita humo humo bila mtu kuzishtukia. Kiu ya joto ina tabia yake. Mkojo unakuwa mdogo na wa njano iliyokolea, na mtu akinywa maji ya kutosha akapumzika, anatulia. Aliyekula ng'onda wa chumvi nyingi yuko hivyo hivyo, na aliyeharisha, na mama anayenyonyesha, ambaye kiu humshika pale pale mtoto anapoanza kuvuta ziwa. Mwili umepungukiwa maji au umezidiwa chumvi, nazo figo zinabana mkojo ili yaliyobaki yasipotee.

Inayonitia wasiwasi ni kiu inayokuja na mkojo mwingi. Mwili unalilia maji, na bado figo zinayamwaga. Hapo lazima kuna kinachoyasukuma nje, na cha kwanza kushukiwa ni sukari. Sukari ya damu ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, figo za watu wengi hushindwa kuirudisha yote kwenye damu. Inayobaki inatoka na mkojo, na inavuta maji kwenda nayo, kama chumvi inavyotoa maji kwenye embe bichi lililokatwa. Ndiyo maana mwenye kisukari anakunywa na hakati kiu. Na akiituliza kwa soda au juisi ya miwa, anaongeza kile kile kinachomkausha.

Haya niliyaona kwa mtoto wa kaka yangu, akiwa darasa la tatu. Wifi alinipigia simu kwa jambo jingine kabisa, akalitaja kwa kupitia tu: "Wifi, huyu mwanao ananimalizia maji. Nachemsha jioni nikijaza mtungi, asubuhi mkavu." Walikuwa wameshampeleka mahali, akapimwa malaria ikakosekana, wakaambiwa ni UTI kwa sababu anakojoa mara kwa mara, akapewa dawa za kunywa. Nilipofika nyumbani kwao nikakuta godoro limeanikwa uani. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani miaka mingi alikuwa ameanza tena, na alikuwa anaona aibu hata kunisalimia. Kaptula ya shule ilikuwa imekunjwa kiunoni na kubanwa kwa pini, maana ilikuwa inamvuka. Baba yake alisema anarefuka. Kwenye kona ya bafu alipokuwa akikojoa palikuwa na msururu wa sisimizi.

Tukampeleka kituo cha afya jioni ile ile. Muuguzi alimnawisha kidole kwa maji na sabuni, akakikausha, akamtoboa, akagusisha tone la damu kwenye kijiti. Mashine haikutoa namba. Iliandika HI, ambayo kwa mashine nyingi maana yake sukari imepita milimoli 33 kwa lita. Mkojo ukachovywa kijiti cha rangi, ukaonyesha sukari nyingi na ketoni, yaani asidi zinazojaa mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Usiku ule alikuwa hospitali na dripu na sindano za insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Leo ni mzima, anacheza mpira, na sindano anajichoma mwenyewe.

Wazazi wenzangu, kisukari cha watoto hakisubiri. Kisukari cha aina ya kwanza kinaweza kumfikisha mtoto kwenye hatari ndani ya siku au wiki chache tangu kiu ianze. Mtoto anayekunywa sana, anayekojoa sana na anayekonda ilhali anakula, apimwe sukari siku hiyo hiyo, hata kama kesho ana mtihani. Akianza kutapika, kulalamika tumbo, kuhema kwa nguvu na kwa kina, kutoa pumzi yenye harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, au kusinzia ovyo, mpeleke hospitali usiku huo huo. Dalili hizo hufanana na za malaria kali na za nimonia, na ndiyo sababu watoto wengine hutibiwa hivyo huku sukari ikipanda. Ukifika, sema kwa sauti: "Naomba apimwe na sukari." Hata kipimo cha malaria kikisoma chanya, bado omba, kwani moja haliondoi jingine. Insulini ipo tangu Januari 1922, alipochomwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, kule Toronto. Kabla ya hapo mtoto wa namna hii hakuwa na njia. Inaniuma kuona njia ipo na mtoto anachelewa kwa sababu hakuna aliyemtoboa kidole.

Kwa mtu mzima mambo huenda polepole zaidi. Kisukari cha aina ya pili kinaweza kukaa miaka bila kelele, na kiu ikija ujue sukari imeshapanda vya kutosha. Mara nyingi huja na mengine ambayo mtu hayaunganishi: macho kuona ukungu, fangasi za sehemu za siri zinazotibiwa na kurudi, kidonda cha mguu kisichofunga, uchovu wa kuamka nao. Mjamzito naye anaweza kuona kiu na safari za chooni ni hali ya mimba tu, na mara nyingi ni kweli, lakini asiache kuuliza kuhusu kipimo cha sukari kliniki, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Cha asubuhi kabla ya kula kinahitaji uwe umekaa angalau saa 8 bila chakula wala chai. Maji matupu yanaruhusiwa, na mwenye kiu kali asijinyime. Ikisoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, iko kwenye kiwango cha kisukari. Ukipimwa wakati wowote, umekula hujala, ikasoma 11.1 au zaidi na una kiu na mkojo mwingi, inatosha kumfanya daktari aanze kazi. Kama huna dalili zozote, kipimo kimoja hakitoshi, kitarudiwa. Nawa mikono kabla ya kutobolewa, kwa sababu kidole kilichotoka kumenya chungwa au embe kinaweza kukupa namba ya kukutisha bure.

Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, na asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Lakini kwa mwenye selimundu (sickle cell), au aliyeongezewa damu karibuni, kipimo hicho hudanganya, kwa kuwa chembe zake nyekundu haziishi muda wa kawaida. Mwambie mtu wa maabara mapema.

Selimundu wenyewe una kiu yake, na hili ningependa walimu walisome. Ugonjwa huu huharibu uwezo wa figo kukoleza mkojo, na uharibifu huo huanza utotoni. Mtoto mwenye selimundu hukojoa mkojo mwingi na mwepesi hata akiwa na upungufu wa maji, na wengi wao huendelea kukojoa kitandani wakiwa wakubwa. Kumchapa ni dhuluma. Kumnyima ruhusa ya kwenda chooni au kunywa maji darasani kunaweza kumletea maumivu makali, kwani kukaukiwa maji ni moja ya mambo yanayomwamshia maumivu hayo. Aachwe na chupa yake dawatini.

Halafu kuna dawa. Mama yangu alianza kulalamika kiu na kuamka usiku baada ya kuongezewa dawa ya presha. Tulipofungua mfuko wake tukakuta furosemide, dawa ya kukojoza, na alikuwa akiimeza jioni. Daktari aliihamishia asubuhi, akapima na figo na chumvi za damu, na usingizi wa mama ukarudi. Kwa hiyo unapokwenda kulalamikia kiu, beba dawa zako zote, na za kienyeji pia. Prednisolone na dexamethasone hupandisha sukari. Lithium, inayotumika kwenye magonjwa ya akili, inaweza kuzifanya figo zisishike maji. Usikatize dawa yoyote kwa uamuzi wako. Kamuulize aliyekuandikia.

Dawa nyingine hazileti kiu hasa, hukausha kinywa: amitriptyline, na zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Anayelala mdomo wazi na anayetafuna miraa nao hupatwa na ukavu huo. Mtu wa namna hii hunywa mafunda madogo ya kulowesha ulimi, na mkojo wake hauongezeki. Anahitaji msaada, ila si ule wa kukimbizana na sukari. Na kama ukavu unakwenda na macho makavu yanayochoma kwa miezi, amwone daktari, kuna magonjwa ya kinga yanayoshambulia tezi za mate na za machozi.

Sasa, vipi kama sukari imesoma vizuri na kiu ipo pale pale? Wengi huambiwa "huna kitu" wakarudi nyumbani na mtungi wao. Hapa nina ushauri ambao sijaona ukitolewa mara nyingi: pima mkojo wako wa saa 24. Tafuta jagi lenye alama za lita na daftari. Amka, kojoa mkojo wa kwanza uumwage, andika saa. Kuanzia hapo kila mkojo pitisha kwenye jagi na uandike, mpaka ule wa kwanza wa kesho yake, nao uhesabu. Andika na ulichokunywa. Mtu mzima akizidi lita 3 kwa siku, huo ni mkojo mwingi wa kweli, na daktari hatakuwa na sababu ya kukwambia ni mawazo.

Ukiwa na karatasi hiyo, omba kupimwa sodiamu, potasiamu, kalsiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) kwenye damu, na jinsi mkojo ulivyokolea. Kalsiamu ikipanda huleta kiu, choo kigumu na uchovu, na chanzo chake kinaweza kuwa tezi za shingoni au saratani, kwa hiyo haifai kupuuzwa. Figo zinazoanza kuchoka hukojoza sana usiku. Na upo ugonjwa adimu ambao hauhusiani na sukari kabisa: ubongo hautoi vya kutosha homoni inayoziambia figo zishike maji, au figo hazimsikilizi mjumbe huyo. Unaweza kufuata ajali ya kichwa au upasuaji wa ubongo. Mwenye nao hukojoa lita na lita, mkojo mweupe kabisa, usiku na mchana, na mara nyingi hutamani maji ya baridi sana. Wapo pia wanaokunywa kupita kiasi kwa mazoea au kwa ugonjwa wa akili, na wao huweza kushusha sodiamu mpaka wakachanganyikiwa au kupata degedege.

Kuwatofautisha hawa, madaktari humzuia mtu maji kwa saa kadhaa huku wakimpima uzito, damu na mkojo. Kazi hiyo ni ya hospitali peke yake. Nyumbani usimfungie mtu mtungi ili kuona kama ataacha kukojoa, awe mtoto au mzee. Kama figo zake hazishiki maji, ataendelea kukojoa bila kuingiza kitu, na anaweza kuzimia mikononi mwako kabla ya jua kuchwa. Mpe maji, chukua daftari, mpeleke.