Nataka kuzitoa notsi zangu bure, nitumie programu gani?

SUALI: Asalaam aleykum. Nasomesha bayolojia skuli moja hapa Wete, nna notsi za mikoko nimezitayarisha mwenyewe, nataka na walimu wenzangu wazitumie bure. Laptopu yangu kongwe, na programu ya kuandikia niliyowekewa ni ya kuchakachua, kila nikiifungua inadai leseni. Nifanyeje? Na mtu akizichukua akaziuza je?
Mwalimu, Wete

JIBU: Waaleykum salaam mwalimu. Hiyo ya kuchakachua ifute, weka LibreOffice, haikudai hata senti na mafaili yako ya zamani itayafungua, ingawa majedwali mengine yatakaa upande itabidi uyanyooshe.

Kazi iko kwenye picha. Walimu wengi hupiga kwa simu ukurasa wa kitabu wakabandika kwenye notsi, basi, lakini ukishasema hizi ruhusa kwa kila mtu, ile picha si yako hata uitolee ruhusa. Maji yakitoka shuka pwani, ile mizizi ya mchu inayochomoza topeni kama penseli ipige mwenyewe, au uichore kwa Inkscape, programu ya kuchorea, nayo bure. Wikimedia Commons, ghala la picha mtandaoni, pia zipo picha, ila soma leseni ya kila moja na umtaje mpigaji.

Ukurasa wa mwanzo andika jina lako na CC BY-SA 4.0, ndo leseni ya Creative Commons ya kuwaruhusu watu watumie kazi yako. Hapo mtu anaweza kunakili, kubadilisha, hata kuuza, ila lazima akutaje, na akizibadilisha akazitoa azitoe kwa masharti hayo hayo, kwa hiyo hata akiziuza wenzio bado watazipata bure kwako. Iko na yenye NC inayokataza biashara, mi siipendi, yule wa steshenari anaewatolea watoto kopi kwa pesa unamtia mashakani bure. Fikiri kwanza lakini, maana aliyekwisha kuzichukua kwa leseni hizi huwezi kumnyang'anya ruhusa.

Halafu tafadhali usitoe PDF peke yake! Itoe pamoja na faili lenyewe la ODT, lile la LibreOffice linaloweza kuhaririwa, mwalimu wa Chwaka akitaka kutia mikoko ya kwao aweze, si aanze kuchapa upya.

Na bando lisikutishe, ikiwa skuli mna kompyuta moja na ruta wekeni Kolibri, programu ya bure ya kuwekea masomo, notsi zikishaingia wanafunzi wanazifungua kwa simu zao bila ya intaneti. Kuziingiza mara ya kwanza ndo utataka intaneti, kwenye Kolibri Studio, tovuti yake ya kupakilia masomo.