Maji gani kwenye sanduku la sigaa? Maswali yenu na majibu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu maji ya kutia kwenye kifaa cha unyevu, kile chenye sifongo kinachozuia sigaa (tumbaku iliyoviringwa kwa jani la tumbaku) zisikauke ndani ya sanduku lake, na nyingi zinarudia jambo nililokwisha kulijibu. Nimechukua hizi, maana anayelinda tumbaku ya bei kubwa kwa maji ya hovyo anaharibu kazi ya mikono ya watu wengi.

Naweza kutia maji ya bomba kwenye kifaa cha unyevu?

Hapana.

Na nikiyachemsha kwanza, nikayapoza, nikayachuja?

Swali hili haliishi, na kila anayeuliza anadhani kasoro ya maji ya bomba ni vijidudu. Vijidudu ni sehemu ndogo tu. Tazama ndani ya birika lililotumika miezi kadhaa: kuna ukoko mweupe chini, ukiukwangua kwa kijiko unabanduka magamba magamba. Hiyo ni kalsiamu na magnesiamu iliyokuwa ndani ya maji yako. Kuchemsha kunaua vijidudu na kunapunguza klorini. Sehemu ya chokaa inaganda kwenye birika, lakini chumvi nyingine zinabaki majini, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo zinavyokolea. Kitambaa au chujio la kawaida halizizuii, kwa sababu zimeyeyuka.

Kifaa cha unyevu hakinyunyizi maji. Maji yanatoka kwenye sifongo yakiwa mvuke, na mvuke haubebi madini. Kila kisichogeuka mvuke kinabaki palepale. Unaongeza maji, chumvi inaongezeka. Unaongeza tena, vitundu vya sifongo vinaziba, mpaka inafika siku kifaa kimejaa maji pomoni na haigromita, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, inasoma asilimia 58 tu. Hapo mwenye sanduku anaanza kulaumu kifuniko, anabandika mpira pembeni, ananunua kifaa kipya, kisha anakitilia maji yaleyale.

Tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na mvuke huo ukapozwa ukawa maji tena. Madini yameachwa kiwandani, hayana njia ya kukufikia. Yale yaliyoondolewa madini kwa kupitishwa kwenye chembe maalumu nayo yanafaa, mradi chombo ni safi na kimefungwa.

Maji ya chupa, tena ya chemchemi halisi?

Soma lebo. Kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, vyote vimeorodheshwa hapo. Ni maji mazuri ya kunywa. Yanyweni.

Maji ya mvua si yamekenekwa na jua? Na yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi je?

Yakiwa bado hewani, hoja yako ina nguvu. Lakini wewe huyakingi hewani. Yamepita juu ya bati, yamekusanya vumbi, kinyesi cha ndege na mbegu za ukungu, na mbegu hizo ndizo hatari zaidi kuingiza kwenye sanduku lenye giza, unyevu na majani. Ya kiyoyozi yana madini machache, ila yametiririka juu ya mabomba yenye utando wa uchafu. Yote mawili yaache.

Shikamoo. Fundi wa magari ameniambia maji ya betri ni yaleyale. Ni kweli?

Marahaba. Maji ya kuongezea betri kwa kawaida yameondolewa madini, na kwa hilo fundi hajakosea. Ila kwenye rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri, kwa chupa zinazofanana. Asidi hiyo ni ya salfa, inaunguza ngozi na macho. Kama lebo haisemi waziwazi kuwa ni maji matupu, au kama chupa imekwisha kufunguliwa gereji, usiiguse. Mimi ningenunua ya duka la dawa.

Nimesikia habari za propilini glaikoli, kile kimiminika kinachoshika unyevu. Ni lazima?

Si lazima, lakini kwa kifaa cha sifongo inasaidia. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, mchanganyiko huo hutoa unyevu hewa ikikauka na kuunyonya ukizidi, ukielea karibu na asilimia 70, na ukungu haupendi kuota humo. Maji hupotea upesi kuliko glaikoli, kwa hiyo kwa kawaida unaongeza maji peke yake, na mchanganyiko unaurudia baada ya miezi kadhaa. Kama kifaa chako kinashika unyevu kwa punje za silika badala ya sifongo, usiutie humo, utaziziba. Na usije ukachukua dawa ya rejeta ukidhani ni kitu kimoja: ile mara nyingi ni ethilini glaikoli, nayo ni sumu.

Nikitia matone ya ramu sigaa zipate harufu nzuri?

Hapana. Unaongeza harufu ambayo haitatoka tena kwenye mbao za sanduku.

Natumia maji yaliyokenekwa tangu mwanzo na bado sigaa zimeota ukungu. Si umetudanganya?

Maji safi hayaui ukungu. Nilichosema ni kwamba hayaachi uchafu. Mbegu za ukungu ziko kila mahali, zinangoja unyevu upite kiasi. Bila shaka umejaza sifongo mpaka inadondosha. Ikamue isidondoshe hata tone, na lenga asilimia 65 hadi 70.

Kisha pima kipimo chenyewe, maana wengi mnaiamini haigromita ambayo hamjawahi kuijaribu. Tia chumvi ya jikoni kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, uifungie pamoja na haigromita ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 24. Hewa humo hutulia kwenye asilimia 75. Ikisoma 68, kipimo chako kinapunguza 7, na kwa miezi yote hiyo ulipodhani una 70 ulikuwa na 77.

Na wale wanaoniandikia kwamba manyoya meupe juu ya sigaa ni dalili ya kukomaa: yakiwa na manyoya, au rangi ya kijani au buluu, ni ukungu. Zitenge leo hii.

Sigaa zina vitundu kama vya sindano. Ni maji?

Ni wadudu wa tumbaku. Wanaanguliwa joto likipanda kupita nyuzi 24 au 25, maji yawe yoyote.

Nimetumia maji ya bomba mwaka mzima. Sasa nifanyeje?

Toa sifongo, ishike. Ikiwa bado laini, ilowekwe kwenye maji yaliyokenekwa, ikamuliwe, urudie mara kadhaa ukibadilisha maji. Ikiwa imekakamaa au ina ukoko mweupe kingoni, itupe. Usijaribu kuisafisha kwa siki, harufu yake itahamia kwenye tumbaku. Sigaa zenyewe hazijaingiwa na madini hayo. Zirudishie unyevu polepole, kwa wiki kadhaa, kwani zikinywa maji kwa haraka jani la nje hupasuka.