Kutu, ukoko na koki: majibu kwa wapika bia wa nyumbani

Nimenunua sufuria ya stenlesi ya lita 50. Niliiloweka kwa blichi usiku kucha, asubuhi nikakuta vidoa vya kutu chini. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Arusha)

Huenda sufuria ni nzima kabisa, ndugu yangu. Kosa ni blichi. Stenlesi ina kromiamu, angalau asilimia 10.5. Ile iliyogongwa 18/8 ina kama asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Kromiamu ikipata hewa hujitengenezea utando mwembamba usioonekana, na huo ndio unaozuia kutu. Klorini iliyomo kwenye blichi huutoboa. Nami niliwahi kuharibu tangi la kuchachushia hivyohivyo, na liliniuma sana.

Yeyusha vijiko viwili vikubwa vya asidi ya sitriki, ile ya unga, katika lita moja ya maji ya moto. Sugua kwa sponji laini, acha dakika 30, suuza vizuri, kisha iache wazi ikauke hadi kesho yake ili utando ujijenge upya. Halafu pitisha ukucha. Ukinasa kwenye kishimo, hicho hakitaondoka kwa kusafisha, na uchafu utajificha humo. Sufuria hiyo ibaki ya kuchemshia tu, usichachushie bia ndani yake.

Kimea kimeungua, ukoko mweusi umeganda chini. Nitumie waya wa kusugulia? (Msomaji, Moshi)

Hapana, dada. Waya ule huacha chembe za chuma cha kawaida, na hizo ndizo zitakazoshika kutu. Mimina maji yafunike ukoko, tia kijiko kikubwa kimoja cha bekingi soda kwa kila lita, chemsha dakika 20, kisha acha yapoe humohumo usiku mzima. Asubuhi ukisukuma kwa mwiko wa mbao, ukoko utabanduka vipande vipana, kama wa wali. Usifanye hivi kwenye sufuria ya alumini, itakuwa nyeusi. Zile rangi za upinde wa mvua zilizobaki ni za moto tu, hazina madhara.

Naosha kila kitu na kutia dawa ya kuua vijidudu, lakini bia yangu inachachuka kila mara. (Msomaji, Nairobi)

Umewahi kuifungua koki?

Wengi huiosha kwa kupitisha maji tu. Chukua spana, ifungue yote, utoe ile gololi ya ndani na vile vipete vyeupe vinavyoikumbatia. Mara ya kwanza nilipofungua yangu nilikuta nyuma ya gololi ute wa kahawia, mzito kama uji uliolala, unaonuka siki. Kila pipa la bia lilikuwa likipita hapo! Dawa haiwezi kuua kilichojificha chini ya uchafu, kwa hiyo kuosha kunatangulia, dawa inafuata. Loweka vipande hivyo katika maji ya moto yenye sabuni isiyo na harufu, pitisha mswaki kwenye kila hesi, suuza, ndipo utie dawa. Mimi hufungua koki ya tangi la kuchachushia baada ya kila pishi, hata nikiwa nimechoka vipi.

Ndani ya tangi kuna gamba gumu la kijivu, sabuni hailitoi. (Msomaji, Mwanza)

Hilo ni kalsiamu oksaleti: kalsiamu ya maji imekutana na asidi ya oksaliki iliyomo kwenye kimea. Sabuni hailiwezi, linataka asidi. Tumia ileile sitriki ya moto, rudia mara mbili tatu. Lakini tafadhali, usichanganye asidi na blichi hata tone: hutoa gesi ya klorini, nayo huua mtu.

Nipake mafuta kidogo kabla ya kuhifadhi? (Msomaji, Tanga)

Usipake. Mafuta huua povu la bia. Kausha kwa kitambaa safi, acha koki na kifuniko wazi hewa ipite.