Maswali yenu ya udongo wa polima: pimeni kabla ya kuoka

Shikamoo mwalimu. Nilimfinyangia binti yangu chapati na sambusa za nyumba ya wanasesere. Pakiti imeandikwa nyuzi 110 kwa nusu saa, mimi nikaweka 200 kwa dakika kumi ili ziwahi. Zimetoka nyeusi na jiko zima likanuka. Je, nimeuziwa udongo mbovu? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Udongo wako ulikuwa mzima. Swali hili linarudi kila mara, na nalijibu tena kwa sababu linagusa mapafu ya watoto. Udongo wa polima hauna undugu na udongo wa mfinyanzi. Ni plastiki ya PVC iliyolainishwa, na haukauki kwa hewa. Unashikana kwa joto. Joto likizidi sana, PVC huvunjika na kutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo huwasha macho, pua na koo. Yakitokea tena, zima oveni, fungua madirisha, toa watoto nje na usiwarudishe mpaka hewa isafike.

Udongo wa chapa ya Fimo unataka nyuzi 110 kwa dakika 30. Ule wa Premo, wa kampuni ya Sculpey, unataka nyuzi 130, dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Pakiti yako ndiyo bosi. Ukirefusha muda kwenye joto sahihi hutaharibu kitu, na kipande huwa kigumu zaidi. Ukipandisha joto ili upunguze muda, umekwisha. Ukioka kwa joto dogo mno pia umeharibu: kitu kinaonekana kizuri, kisha kinavunjika siku mtoto anapokishika.

Na swichi ya oveni msiiamini, hasa hizi oveni ndogo za mezani ambazo waya wa moto uko karibu na chakula na joto linapanda na kushuka. Nunueni kipimajoto cha kusimamisha ndani ya oveni. Naona watu wana rangi za udongo za kujaza kabati lakini kipimajoto hawana. Anzeni na kipimajoto, rangi zitafuata. Oka juu ya kipande cha kigae na ufunike kwa foili, maana nyeupe na ile inayopitisha mwanga huwahi kugeuka kahawia.

Naweza kuuivisha kwenye maikrowevu? (Msomaji, Nairobi)

Hapana.

Sina oveni. Keki naoka kwa sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa. Je, udongo utaiva humo? (Msomaji, Morogoro)

Utaiva, ila kwa masharti. Kipimajoto kiwe ndani ya sufuria na kigae kiwe juu ya mchanga ili chini pasiungue. Subiri joto litulie ndipo uweke vitu vyako. Mkaa unasumbua kwa sababu upepo ukipita kidogo moto unapanda. Jiko la gesi kwa moto mdogo ni rahisi kulidhibiti. Sufuria hiyo iwe ya kazi hii tu. Usiipikie tena wali.

Kila mtu anasifu vyakula nilivyofinyanga, lakini nikivipanga ndani ya nyumba ya wanasesere vinaonekana vya uongo. Nakosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Unakosea kipimo, na hujui ni wangapi mko hivyo. Kipimo kilichozoeleka ni moja kwa kumi na mbili: futi moja ya kitu halisi inakuwa inchi moja. Nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary iliyopo Windsor, Uingereza, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kujengwa kati ya 1921 na 1924, ni ya kipimo hicho, na vyumba vidogo 68 vya maonyesho viitwavyo vya Thorne, vilivyopo Chicago, Marekani, vinakifuata pia. Ukitazama vyumba vile unasahau kwamba ni vidogo, kwa kuwa hakuna kijiko kinachomzidi mwenzake.

Kwa hiyo chukua rula uingie jikoni kwako. Chapati ya sentimita 24 inakuwa sentimita 2. Andazi la sentimita 6 linakuwa milimita 5. Samaki wa sentimita 30 anakuwa sentimita 2 na nusu. Naletewa picha za maandazi yaliyojaa sahani nzima moja moja, na mwenyewe anauliza kama rangi imekaa vizuri!

Unene ndio unaowashinda wengi. Chapati halisi ya milimita 3 ingekuwa robo milimita, nawe hutaweza kuishika. Isukume mpaka nusu milimita, kisha ikonde ukingoni kwa kidole. Udongo uwe wa krimu, usiwe mweupe. Gongagonga juu kwa mswaki mkavu. Chaki ya rangi, ile pasteli kavu, ikwangue kwa wembe upate vumbi: la njano iliyofifia kwanza, la hudhurungi baadaye, kwa brashi laini. Angalia chapati ya kweli kabla ya kuweka madoa. Panapofura ndipo panapogusa chuma, kwa hiyo madoa hujikusanya huku na kuacha pengine peupe. Ukiyapanga kwa nafasi sawa umetengeneza chui. Haya yote hufanywa kabla ya kuoka.

Rangi ya kucha isiyo na rangi inafaa kung'arisha? (Msomaji, Kigoma)

Haifai. Inaushambulia udongo na baadaye unanata. Tumia vanishi ya maji.

Udongo wa polima ni ghali. Nikitumia konifulawa na gundi nyeupe ya mbao je? (Msomaji, Unguja)

Tumia bila aibu. Mchanganyiko ule ni mzuri mno kwa maua na majani. Husinyaa unapokauka, kwa hiyo finyanga kikubwa kidogo, na kwa unyevu wa Unguja upake vanishi pande zote. Konifulawa ni wanga wa mahindi. Unga wa ugali hauwezi kazi hiyo. Ukiuza, mwambie mteja ni kitu gani.

Mwanangu ana miaka miwili na anavipenda sana. Nimpe achezee? (Msomaji, Muscat)

Usimpe. Ni vidogo, vinafanana na chakula, na mtoto wa umri huo huweka kila kitu mdomoni. Chini ya miaka mitatu asiviguse kabisa. Na nyinyi mnaouza sokoni kwa kuviita vya watoto, acheni. Mwambieni mnunuzi ni vya kupamba.

Kisanduku nilichohifadhia udongo mbichi kimeyeyuka na kugandana nao. (Msomaji, Kampala)

Vilainishi vya udongo hula baadhi ya plastiki. Geuza kisanduku uangalie chini: chenye pembetatu na namba 5 ni salama. Usiuache ndani ya gari juani. Utaanza kuiva humo humo.

Alama za vidole zinaharibu kazi yangu. (Msomaji, Arusha)

Jipake wanga kidogo vidoleni, na pale alama ilipobaki pitisha brashi laini kabla ya kuoka. Anza na nyeupe, malizia na nyeusi, na ufute mikono kila unapobadili rangi. Baada ya kuoka ni msasa wa maji tu, anza namba 400 upande hadi 1000, na kwa chapati ya nusu milimita usijaribu.