Lushoto: baridi utaizoea, unyevu ndio kazi
Dada, umeuliza ujiandae vipi na uhamisho wa kutoka Dar kwenda Lushoto. Mji huu wa milima ya Usambara, mkoani Tanga, uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Juni hadi Agosti blanketi mbili nzito hazikwepeki. Ila unyevu unasumbua kuliko baridi. Tafuta nyumba inayopigwa na jua la asubuhi, na kabati lisigusane na ukuta, acha sentimita 10, la sivyo nguo zitaota ukungu. Jiko la mkaa usilale nalo chumbani hata kama limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake ya sumu hainuki. Maharage loweka usiku kucha, maji huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, hivyo huchelewa kuiva. Masika udongo huporomoka barabara ya kushukia Mombo na unaweza kuifunga, hivyo weka gesi ya akiba. Mboga wala usiwaze, huku zipo tele.