Kompyuta imesema asilimia 18 ya mapafu ya babangu ni makovu, sasa je?

SWALI: Assalam aleikum. Naandika kutoka Langoni, Lamu. Babangu ana miaka 68, alikuwa fundi wa kuchonga milango, sigara aliwacha kitambo, siku hizi yeye na njiwa wake tu huko juu darini. Anakohoa kikohozi kikavu na akipanda ngazi pumzi zinamkatika. Makohozi yalipimwa TB, hakuna. Mwaka jana tulivuka Mokowe tukapanda basi mpaka Mombasa akapigwa picha ya CT, ripoti ikasema ana faibrosisi ya mapafu, yaani makovu, basi, hakuna namba yoyote. Mwaka huu tukaenda hospitali nyingine ambako picha inapitishwa kwa kompyuta, ikaandika makovu ni asilimia 18. Na mle kwenye mashine alikohoa sana maskini. Sasa kwenye grupu la familia ni vita, kakangu asema mzee amezidiwa, mwingine asema kompyuta haina lolote. Je, amezidi? Na turudie kila baada ya miezi mitatu ili tuwe na uhakika?

JIBU: Waleikum salaam mwanangu, na mzee mpe pole. Hao nduguzo waambie wapumzike kwanza, manake hiyo 18 peke yake haiwezi kujibu swali lenu. Mwaka jana hakukuwa na namba, sasa mtailinganisha na nini?

Kompyuta inafanya hivi. CT inapiga kifua vipande vipande kama boflo, kila kipande unene wake milimita moja hivi, na kila kidoti kwenye picha kina namba yake ya uzito. Kipimo hicho kimepewa jina la Hounsfield, yule Muingereza aliyeitengeneza mashine yenyewe akapata Nobel mwaka 1979 pamoja na Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Maji ni 0, hewa tupu ni hasi 1000, na pafu zima lililojaa hewa linakaa karibu na hasi 850. Kovu ni nyama nzito, kwa hivo pale lilipo namba inapanda. Programu (kuna moja maarufu inaitwa CALIPER, ilitengenezwa Mayo Clinic huko Marekani, na ziko nyingine) inapita kidoti kwa kidoti, inaangalia namba na pia mchoro wake, wapi pana ukungu, wapi pana michirizi iliyopishana, wapi pamekuwa sega la nyuki, halafu inajumlisha inakupa asilimia.

Faida yake ni nini? Jicho la binadamu, hata la daktari bingwa wa picha, likiangalia picha mbili za mapafu zilizopishana mwaka mmoja na tofauti ni ndogo, madaktari wawili wanaweza wasikubaliane, na kukisia asilimia kwa macho ni kazi ngumu sana. Programu ukiipa picha ile ile leo na kesho itahesabu vile vile. Kwa hivo huyo nduguyo anayesema haina lolote hapo amekosea. Lakini inahesabu kile ilichopewa tu, na hapa ndo nikashtuka kusoma kwamba mzee alikohoa mle ndani. Mtu asipovuta pumzi ikajaa, pafu linabaki limejikunja, hewa inakuwa kidogo, uzito unapanda, na kompyuta inaweza kuhesabu hapo kama ugonjwa na kumbe ni pumzi tu. Picha ikitikisika nayo ni hivo hivo. Kwa hivo sehemu ya hiyo 18 huenda ni kikohozi chake.

Cha kufanya, itafuteni ile CD ya mwaka jana. Nasema CD, si ile filamu nyeusi mnayoiinua dirishani, na si picha ya filamu iliyopigwa kwa simu ikatumwa WhatsApp, maana hiyo namba zake zishapotea zote na programu haina cha kusoma. Kama CD hamna, rudini hospitali ile ya kwanza muulize, picha huwa zinawekwa kwenye kompyuta zao, waombeni wawatolee nakala. Halafu daktari aombe picha ya zamani ipitishwe kwenye programu ile ile iliyotoa 18, na hapo sasa mtakuwa na namba mbili za kulinganisha. Kama ya kwanza ilipigwa vipande vinene vya milimita tano inaweza ikashindikana, na hata ikikubali, mashine mbili tofauti zinaweza kuleta tofauti ambayo si ya ugonjwa, kwa hivo daktari wa picha lazima aziweke zote mbili pembeni kwa pembeni aziangalie kwa macho yake pia. Safari ijayo jitahidini iwe hospital ile ile, mashine ile ile, na mzee afanye mazoezi nyumbani ya kuvuta pumzi mpaka mwisho na kuishika, na mumwambie fundi wa picha mapema kwamba anakohoa.

Kila miezi mitatu? Hapana jamani. Kovu haliendi mbio hivo kwa kawaida, CT moja ya kifua ina mionzi mingi kuliko eksirei nyingi za kifua mkizijumlisha, na nauli ya basi mnaijua wenyewe. Mara nyingi ni baada ya mwaka hivi, au hali ikibadilika ghafla. Katikati hapo kuna kipimo cha kupuliza ambacho hakina mionzi. Miongozo ya kimataifa ya 2022, kwa faibrosisi zile zinazoendelea ukiacha ile aina isiyojulikana chanzo, inataka mambo mawili kati ya matatu ndani ya mwaka mmoja ndipo isemwe imezidi: dalili kuzidi, kipimo cha pumzi kushuka (ule ujazo wa kupuliza ukishuka pointi 5 za asilimia au zaidi tayari unahesabika), na picha kuonyesha makovu yameongezeka. Kwa hivo picha ni shahidi mmoja tu. Muulizeni daktari pia kuhusu pirfenidoni na nintedanibu, dawa mbili zilizokubaliwa Marekani Oktoba 2014, zinapunguza mwendo wa kovu ila halifutiki, na bei yake si ya mchezo, ulizeni mapema.

Na hao njiwa! Umewataja kama kwamba ni pambo. Vumbi la mbawa na mavi ya ndege linaweza kuwasha mapafu ya baadhi ya watu mpaka yakafanya makovu, na hiyo ni faibrosisi ya aina nyingine, matibabu yake mengine, na la kwanza kabisa ni kuondoka kwenye hilo vumbi. Daktari ameambiwa? Vumbi la mbao nalo aambiwe. Najua mzee atakasirika kuhusu njiwa.

SWALI: Mimi ni wa Maweni, Malindi. Niliugua TB nikamaliza dawa nikapona. Juzi CT imeonyesha makovu juu ya pafu la kulia. Ndo faibrosisi hiyo hiyo itasambaa?

JIBU: Kwa kawaida hapana. Kovu la TB iliyopona mara nyingi linabaki pale lilipokuwa, tena mahali pake maarufu ni huko juu, wakati ile faibrosisi isiyojulikana chanzo hupenda kuanzia chini na pembeni. Ila ukikohoa damu, ukitoka jasho usiku au ukikonda bila sababu, nenda ukapime makohozi tena, usisingizie kovu la zamani. Na wakikwambia picha yako itasomwa na kompyuta, hakikisha kwenye fomu ya kipimo imeandikwa uliwahi kuugua TB na mwaka gani, kwa sababu programu inatambua yale iliyofundishwa tu na kovu lako inaweza kulipa jina lisilo lake.